Vichwa Tulivyompa Mgeni

Benchi letu la kijijini Keur Gallo limeegemea ukuta wa kiwanda cha unga wa samaki, na anayetaka kukaa hapo sharti azoee harufu. Mwenye birika ni Yacine, na kahawa yake ya Tuba ina ukali wa kukusahaulisha lile bomba jeusi linalomwaga uchafu ufukweni. Asubuhi ile hata kahawa haikusaidia. Barua ilikuwa imefika kutoka Dakar: ombi letu la kufunga bomba limekataliwa. Sokhna, binti mtafiti waliyemtuma kuja kupima bahari yetu, alichukua vichwa kumi na viwili vya samaki, akatoa mifupa ya masikioni na kuisoma. Kila mwaka mfupa huo huongeza duara, na maji yakiwa mabaya duara hukonda. Maduara ya samaki wetu yalikuwa yamenona yote. Bahari yenu haina shida, ilisema barua. Nilitamani kuichana.

— Kahongwa huyo! alisema Ibra Diop, tunayemwita Wizara kwa kuwa hakuna asilolijua.

— Ahongwe na nani, bwana? Yacine akamkatiza. Hata wali wetu aliukataa, asije akaambiwa anatupendelea.

— Basi ni samaki wenyewe. Kelele za mitambo zimewafanya viziwi. Sikio la kiziwi halifanyi kazi, linakula na kulala. Litaacha kunenepa?

— Wizara, hebu nenda kapime kichwa chako.

— Au Bibi wa Bahari. Mwaka wa tatu huu hatujammwagia maziwa ya tambiko. Kabadilisha mifupa ndani ya vichwa, mtu haoni!

Nilimgeukia Samba Ndiaye, mvuvi wetu, tunayemwita Injini Mbili kwa ajili ya mtumbwi wake. Ukoo wa Ndiaye na ukoo wa Diop ni watani tangu enzi za mababu, na Samba hajawahi kumwachia Wizara upuuzi kama ule. Leo kikombe kilikuwa kimempoa mkononi.

— We Ndiaye, leo hunitukani? Wizara alimchokoza. Sema basi kwamba nafakamia wali.

— Vichwa nilimpa mimi.

— Si tunajua? Tulikuchagua wenyewe.

— Aliniambia nimletee wa hapa hapa, hata wakiwa wadogo. Nikatega siku tatu. Nikapata chewa wawili, wembamba, wana vidonda. Sasa jamani, mgeni katoka Dakar, binti wa watu, nimwekee vitu vile mbele yake? Nikawatupa. Nikaenda barabarani kwenye lori la barafu linaloleta samaki wa Mauritania, nikachagua wanono.

Yacine aliliweka birika chini.

— Samba! Aliomba ushahidi, hakuomba chakula!

— Leo najua, dada. Siku ile niliona mgeni tu.

Nilimtazama Wizara, nikijua sasa atapasuka kwa matusi. Akainamisha kichwa.

— Kapu nilibeba mimi, alisema polepole. Nilidhani anawaongezea tu wale wa kwetu.

Na mimi nisijifiche. Nilikuwepo pale kwenye lori, na ni mimi niliyesema, "Chukua yule mkubwa, tusije tukaaibika." Hasira yangu yote ya asubuhi ikakosa pa kwenda.

Dereva aliyeleta barua alikuwa bado amesimama, anasubiri kahawa yake.

— Mbona mnajiliza? alisema. Mna siku thelathini za kukata rufaa, imeandikwa hapo chini. Mpigieni simu yule binti, mwambieni ukweli, mpelekeeni samaki wa hapa.

Wizara aliruka kutoka kwenye benchi. Yacine alikwishatoa simu. Hata mimi nilisimama.

— Hata mmoja atafaa, dereva akaendelea. Nani anaye?

Yacine aliishusha simu. Wizara alimtazama Samba, nami nikamtazama Samba.

— Wale wawili niliwapata Machi, miezi sita iliyopita, alisema Samba. Tangu siku hiyo natega kila alfajiri. Sijamwona mwingine.