Mwarobaini, Manjano na Kidole cha Mkono Wangu wa Kulia

Ndugu zangu, nawasalimu nikiwa mzima, na sifa zote nampa Bwana. Mimi ni Rispa, mamake Brayo. Leo nasema vile Mungu alivyouokoa mkono huu nikiwa Saudia.

Nilianza kazi ya nyumbani Riyadh, kisha familia ikahamia Jeddah, nami nikaenda nao. Madam alitaka kila kitu kioshwe kwa jiki, na glavu mafi, yaani hakuna. Ngozi katikati ya vidole ikapasuka, ikawasha, mwisho ikatoa usaha. Kidole kimoja kikavimba nikashindwa kukikunja. Nikawa nauficha mkono ndani ya aproni, maana madam alishasema mwenye kidonda hatapika jikoni kwake. Angenirudisha ofisini kwa wakala aliyenileta, na kule hujui utapelekwa nyumba gani. Niliomba nikiosha vyombo, machozi yakiingia kwenye povu.

Nyumba ya jirani kulikuwa na mpishi kutoka India, mama wa makamo aitwaye Leela. Tulikutana tukitupa takataka. Akanishika mkono, akaunusa.

"Mbaya hii, dada," akaniambia kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza.

Akachuma majani ya mti uliokuwa kando ya barabara. Niliutambua. Ni mwarobaini, huu huu tulio nao hapa Kilifi. Lakini niliogopa, nikamuuliza kama ni mambo ya uganga.

"Uganga gani? Kwetu mabibi wanaoshea vidonda. Yanaua vijidudu. Maombi omba wewe."

Nilicheka, na sikuwa nimecheka siku nyingi. Akawa ananichemshia majani, yakipoa nalowesha mkono, kisha ananipaka manjano. Ndugu zangu, usaha ulipungua. Harufu ikaisha, ngozi ikaanza kufunga.

Kile kidole tu ndicho kilichokataa. Kilikuwa cha moto, na mstari mwekundu ukapanda kuelekea kifundo cha mkono. Leela alipouona, uso ulimbadilika.

"Halas, basi," akasema. "Majani yanafanya kazi hapa juu. Hii imeingia ndani. Nenda hospitali leo."

"Madam atanirudisha."

"Na kidole kikikatwa?"

Nikaingia sebuleni, nikamwonyesha baba mwenye nyumba, yule kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi. Madam akaanza kufoka. Baba akautazama mkono, akachukua funguo za gari. "Yalla, twende," akasema.

Daktari alipasua kidole, akatoa uchafu, akanidunga sindano za kuua bakteria. Nilimweleza habari za majani. Hakunicheka. Alisema mimea hiyo kweli ina nguvu dhidi ya vijidudu, na huenda ilisaidia vidole vingine, ila ugonjwa ukishazama ndani unataka dawa ya hospitali. Ningechelewa, sumu ingeingia kwenye damu. Kwenye gari nililia kwa faraja, mpaka baba akanipitishia tishu. Kesho yake nikakuta glavu mpya kwenye sinki. Sikurudishwa ofisini.

Nilimwomba Mungu anitumie malaika. Akanitumia mpishi Mhindu, kafili Mwislamu, na daktari ambaye dini yake siijui hadi leo. Nawashukuru wote, na Yeye aliyewatuma namshukuru zaidi.

Kama kuna mtu hapa amekaa na kidonda, cha mwili au cha moyo, asikifiche tena. Mtegemee Bwana, kisha umwonyeshe aliye karibu nawe. Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni. Njoo, tutaenda pamoja kutafuta msaada.