Mzee Tluway na Ubishi wa Oili Nyepesi

Fundi wetu mkuu, Mzee Josephati Tluway, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia gereji hii ya njiapanda kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Aliingia Februari 1995 akiwa na spana tatu na barua ya paroko. Wenzangu wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ni mtunza stoo, na mtunza stoo ndiye aliyebishana naye kuliko wote. Mazuri yake nitayaandika. Ubishi nao nitauandika, maana nikiuacha mtadhani tunamuaga mtu mwingine.

Mzee Tluway ni mzaliwa wa Kansay, baba wa watoto watano, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, na mtu anayeweza kusikiliza injini kwa kuegemeza bisibisi kwenye sikio akakwambia silinda ipi inaumwa. Madereva wa hoteli za huko juu Ngorongoro wamekuwa wakipita gereji nne njiani ili wafike kwake. Hilo hakuna anayelibisha.

Tatizo ni oili.

Alipoanza kazi, oili ilikuwa ya aina moja. Ilikuja kwenye mapipa, namba arobaini, nzito, na pipa hilohilo lilitosha Land Rover, trekta na mashine ya kusaga kule Endabash. Injini za wakati ule zilikuwa na nafasi kubwa ndani, na oili nzito ndiyo iliyozijaza. Baadaye zikaja za kwenye makopo, 20W-50, zisizoganda sana kwa baridi wala kulegea sana kwa joto. Akazikubali. Lami ilipofika Karatu, ikaleta magari madogo ya mtumba kutoka Japani, nayo yalitaka 10W-30. Hapo akaanza kukunja uso. Ikafuata 5W-30, ikafuata 0W-20, na leo stoo ninalo hata kopo la 0W-16. Kila miaka michache watengenezaji wanapunguza uzito, ili injini izunguke kirahisi na inywe petroli kidogo. Na huko ndani wamevisogeza vyuma karibu karibu na kuzifanya njia za oili kuwa nyembamba. Maelezo haya nimemsomea Mzee Tluway mara nyingi kuliko nilivyomsomea mwanangu hadithi.

Yeye kipimo chake ni vidole viwili. Anachovya, anasugua, ananusa, kisha anatoa hukumu: "Hii ni maji, Mama Doreen. Rudisha."

Nikamwonyesha namba kwenye kopo. Akaniambia hata kopo lenyewe linakiri, kwani hiyo herufi W ni maji kwa Kiingereza. Mafundi wote wakaitikia kwa vichwa. Nikamuuliza, kama W ni maji, si ina maana hii ya 0W haina maji hata tone, na ile 20W-50 anayoipenda ndiyo yenye maji ishirini? Siku ya tatu akaja na maana mpya: W ni uzito. Uzito sifuri. Kwa hiyo ni maji. Nilimweleza kwamba herufi ile ni ya majira ya baridi, inaonyesha oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi. Akasema sisi hatuna majira ya baridi. Alisema hayo mwezi wa saba, amevaa makoti mawili.

Siku moja asubuhi dereva mmoja wa hoteli, Sairowua, alimkuta Mzee huko juu ukingoni mwa kreta akiongeza oili kwenye gari iliyolala nje. Oili ilikuwa inashuka kwenye faneli kama haitaki. Sairowua akamuuliza, "Fundi, hiyo ni oili au asali? Nikaombe mkate hotelini?" Mzee akamjibu kwamba oili yenye heshima haikimbii.

Na mimi nisijifanye malaika. Mwaka wangu wa pili hapa nilimpa fundi mmoja 0W-20 aiweke kwenye Corolla ya zamani ya katekista, gari iliyozeeka kabla sijaanza darasa la kwanza. Haikufika Rhotia. Oili ilipita kwenye ringi za pistoni zilizochoka, moshi wa bluu ukafunika barabara, na katekista akarudi na harufu ya kiwanda. Mzee Tluway hakunigombeza. Aliweka oili nzito, gari ikatulia, akaniambia, "Ya wazee waachie wazee." Alikuwa sahihi. Kilichonichosha ni kwamba kwake yeye magari yote yalikuwa wazee.

Lakini ni mtu wa namna gani, hilo niseme. Doreen wangu ana mwaka na miezi mitatu na meno yanamtoka. Siku ambazo sina wa kumwachia nakuja naye mgongoni, na kuna siku nahesabu filta huku nasinzia. Mzee Tluway hamgusi mtoto mpaka anawe kwa sabuni ya unga na sukari, mpaka kwenye viwiko, kisha anamchukua bila kuuliza na kuzunguka naye nje akimwimbia Kiiraqw. Akimrudisha, amelala. Ni mikono hiyohiyo inayonirudishia makopo yangu ya oili.

Sasa, fundi mkuu akisema jambo kwa miaka thelathini, linakuwa sheria. Fabian, anayerithi nafasi yake, alikuwa anaamini kila neno lake. Kwa Fabian, gari iwe ya mwaka gani, iliwekwa nzito, na mimi nikisema kitu naambiwa, "Mama Doreen, wewe kaa na stoo yako." Nilijua Mzee akiondoka bila kuyafuta maneno hayo, mimi sitaweza kuyafuta. Hakuna atakayenisikiliza.

Julai mwaka jana ikaja gari ndogo ya Mwalimu Nanyokie, anayefundisha shule moja huko juu. Gari yenyewe ni Passo, mpya mpya, na kila wiki mwalimu humpeleka mama yake kliniki, kwa kuwa mama ana miguu mibovu. Nilitoa 0W-20. Mzee akamwambia Fabian aweke nzito, ili injini "ipate nguo ya baridi". Fabian akaweka. Gari ikalala nje kwenye baridi ya ukingoni, asubuhi baada ya asubuhi ikawashwa oili ikiwa bado inajivuta huko chini. Mwezi wa tisa taa nyekundu ya oili ikawaka na injini ikanoki. Mzee Tluway aliifungua mwenyewe. Juu, kwenye kamshafti, ambako oili hufika mwisho, palikuwa pakavu na vyuma vimekwaruzana. Akafunika kwa turubai akasema, "Gari za siku hizi ni plastiki." Mama wa mwalimu akawa anapelekwa kliniki kwa bodaboda, amefungwa na kitenge kwa dereva asidondoke.

Nilimfuata. Nilimwambia kwa adabu, kama ninavyomwambia baba yangu, kwamba gari ile haikufa kwa uplastiki na kwamba yeye analijua hilo. Akasema nina usingizi, nikapumzike. Ni kweli nilikuwa na usingizi. Nilimfuata tena Novemba, tena Januari, tena baada ya Pasaka. Kila mara alikuwa na jeki ya kushusha.

Jumatatu ya pili ya mwezi Mei, kabla ya chai, aliwaita mafundi wote. Hakuniambia kitu, nilisikia nikiwa dirishani pa stoo. Alikuwa ameitoa ile Passo chini ya turubai na kufungua boneti. Akamwambia Fabian asome maandishi ya kwenye kifuniko cha oili, kwa sauti. Fabian akasoma: "Sifuri W ishirini." Mzee akasema, "Tena." Akasoma tena.

"Hii gari niliiua mimi," akasema Mzee Tluway. "Fabian aliweka oili niliyomwambia, kwa sababu ananiamini. Nilivyoifungua nikaona, nikafunika."

Fabian akasema, "Lakini mzee, wewe mwenyewe ulitufundisha..."

"Niliwafundisha. Ndicho ninachokifuta. Ukitaka kujua oili ya gari, soma kifuniko, halafu muulize Mama Doreen. Mimi msiniulize."

Mchana alikwenda Ngorongoro kumwambia Mwalimu Nanyokie maneno hayohayo, uso kwa uso. Kisha, Jumamosi zake nne, ambazo alipaswa kuwa anapanga mizigo, alifunga injini nyingine kwenye ile Passo, na Fabian akimshikia taa. Oili alikuja kuichukua kwangu mwenyewe. Hakuichovya kidole. Alisoma kopo, akasoma kifuniko, akamimina. Siku hizi mama wa mwalimu anakwenda kliniki amekaa kwenye kiti cha gari.

Wiki iliyopita Fabian alikuja mbio stooni akaniambia, "Mama Doreen, nimekosea filta ya ile Noah, nisaidie kabla hawajaiwasha." Miaka sita niko hapa, sijawahi kumsikia fundi akisema amekosea kabla gari haijaharibika. Tuliibadilisha kwa dakika kumi, na mwenye gari aliondoka akilalamika tu kwamba chai yetu haina tangawizi.

Mzee Tluway, kwa niaba ya wote wa gereji tunakushukuru kwa injini zote ulizozirudishia uhai, na zaidi kwa Jumatatu ile ya Mei, ambayo najua ilikuwa nzito kuliko giaboksi yoyote uliyowahi kubeba. Nimesikia unapanga kupita hapa kila asubuhi "kuangalia tu". Usipite. Ukija, uje kama mgeni, ukae, uletewe chai, umbebe Doreen. Kazi iko mikononi mwa watu uliowafundisha, na sasa wamefundishika. Nenda Kansay ukalale mpaka jua liingie ndani. Mungu akupe magoti mazima, mahindi ya kutosha, na majirani wasio na gari.