Bweni la Bwana Kimya

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye na kazi mkononi aendelee nayo, lakini sikio anipe mimi, maana leo tunamkumbuka mtu aliyetutoka Alhamisi iliyopita. Alikuwa mhadhiri wa fizikia. Alikuwa pia mlezi wa bweni la wavulana wa mwaka wa kwanza. Wanafunzi walimwita Bwana Kimya. Mwanzoni jina hilo lilikuwa sifa. Baadaye likawa mzigo wake.

Nilipokwenda kutoa pole, kaka za marehemu walinivuta pembeni. "Lile la yule kijana," wakaniambia, "usilitaje redioni." Mjane akasikia. Akasema, "Shemeji zangu, mwacheni. Marehemu mwenyewe alilisema kila mwaka mbele ya watu." Kwa hiyo nalisema.

Alipokabidhiwa bweni, lilikuwa soko. Redio kila dirisha, ndoo zinagongana, watu wanaitana kutoka ghorofa hadi ghorofa. Bwana Kimya akaweka sheria. Saa za kusoma, hakuna kuongea kwenye korido. Hakuna kugonga mlango wa mwenzako. Kila mtu chumbani kwake na kitabu chake. Sheria zikashika kwelikweli. Mkuu wa chuo akawa analeta wageni waje kuliona bweni lenye nidhamu.

Lakini, wasikilizaji, wale vijana hawakujuana. Mtu anakula meza moja na mwenzake muhula mzima, hajui anasomea nini wala kwao ni wangapi. Ilionekana wanasoma, na kweli walisoma. Ila kila mmoja alikuwa peke yake.

Muhula wa pili, karibu na mitihani, kijana mmoja aliyesomea misitu alirudi chumbani Jumamosi mchana kichwa kikimuuma. Mwenzake wa chumbani alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba. Jirani wa chumba cha pili alimsikia akigumia. Alitoka, akasimama mlangoni, akainua mkono kugonga. Akaikumbuka sheria. Akarudi kwenye vitabu vyake.

Mlango ule ulifunguliwa Jumatatu asubuhi, Bwana Kimya alipopita kukagua vyumba. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Kijana alifika hospitali akiwa hai, lakini tayari alikuwa amechelewa. Alifariki siku hiyohiyo. Narudia, wapendwa: bweni limejaa watu, kijana yuko katikati yao, na hakuna aliyejua anaumwa.

Bwana Kimya aliusindikiza mwili mwenyewe. Mama wa kijana alikuwa mjane, na huyo ndiye alikuwa mwanawe wa pekee. Baada ya maziko alimuuliza jambo moja. "Mwalimu, huko walikuwa wanaishi pamoja, au walikuwa wapangaji tu?"

Akamwomba msamaha. Mama akamtazama, akasema, "Nenda, mwalimu. Nitafikiri."

Chuo kilitaka kumwondoa kwenye ulezi. Akaomba abaki, tena ahamie kulekule bwenini, chumba cha chini kando ya ngazi. Mkewe ananiambia, "Nikamuuliza, baba watoto, unaikimbia nyumba yako na mke yumo? Akanijibu, mke wangu, nimewafundisha watoto wa watu kuogopana. Acha nikakae nao."

Akazifuta sheria. Ila vijana walikuwa bado wanamwogopa. Akiingia ukumbi wa chakula, vijiko vinatulia. Basi akapanga vyumba upya, wa masomo tofauti pamoja: wa umeme na wa ushonaji, wa misitu na wa uandishi wa habari. Na kila jioni baada ya chakula, mmoja awafundishe wenzake kitu kimoja cha somo lake. Wa kwanza kukaa kama mwanafunzi alikuwa yeye. Kijana wa ushonaji alimfundisha kuunga mikono ya shati. Mhadhiri mzima, mkono wa kulia akauunga kushoto. "Mwalimu," kijana akasema kwa woga, "hapo umegeuza." Akalivaa vilevile, akazunguka nalo ukumbi mzima. Vijana walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Mimi mwenyewe nilipita bweni hilo miaka michache baadaye. Nilipangwa na mtu wa umeme. Mpaka leo taa ikiharibika nyumbani siiti fundi. Mke wangu anasema ni afadhali ningeita.

Siku yetu ya kwanza, hata ratiba hatujapewa, Bwana Kimya alisimama mbele yetu akasema, "Kijana mmoja alikufa humu kwa sababu ya sheria yangu." Akatusimulia yote, bila kujitetea. Kisha akasema, "Asubuhi usipomwona mwenzako, gonga. Akikutukana, gonga tena." Tuligongeana hasa. Mimi nilitukanwa, na nilitukana.

Na kila likizo ndefu alikwenda kwa yule mama. Alimbebea sukari na sabuni, akamwezekea paa lililovuja, akamweleza habari za vijana wapya. Wakati wa kuaga alimuuliza, "Umefikiri, mama?" Mama akamjibu, "Bado nafikiri, mwalimu." Mwaka baada ya mwaka. Alistaafu, akaendelea kwenda. Mkewe anasema, "Akirudi namtazama usoni tu. Siulizi."

Alipolazwa mara ya mwisho, alimwambia mkewe maneno haya: "Sasa sitajua tena." Akafariki Alhamisi asubuhi.

Yule mama alikuja msibani. Ni mzee sasa, anashikwa mkono. Nilimkuta mkekani, bega kwa bega na mjane. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kama alimsamehe.

"Nilimsamehe zamani, mwanangu," akasema. "Mwaka ule alipopanda juu ya paa langu. Lakini niliogopa kumwambia. Nikishamsamehe, angekuja tena kufanya nini? Sikuwa na mtu mwingine wa kunibishia hodi."

Mjane akaushika mkono wa mwenzake, akamwambia, "Dada, angekuja tu."

Wasikilizaji, mimi nilitoka nje. Sikuweza kukaa pale.

Kwa mjane, kwa watoto na kaka za marehemu, kwa wote waliopita bweni lile, na kwa mama huyo aliyefiwa na mwana mara mbili, poleni sana. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe mwalimu wetu. Na wewe unayenisikiliza, yamkini kuna mtu umemsamehe moyoni na hujamwambia. Usimsubirishe. Mwambie leo, angali anaweza kukujibu.