Barua Iliyotobolewa Mioyo Arobaini na Mmoja

Risala ya Kikundi Ndagukunda kwa Madamu Consolate, Mkurugenzi wa Kituo cha Mapera, Kanyosha, Bujumbura. Inasomwa na Joëlla, katibu wa kikundi.

Mgeni rasmi, Madamu Consolate, Mkurugenzi wetu mpya. Wazee wa mtaa. Majirani mliofunga maduka saa nzima kwa ajili yetu. Na nyinyi watoto wa dirishani ambao tumeshawaambia mara tatu mshuke:

KARIBU

Tunakusalimu kwa amani na kwa furaha kubwa. Tumefagia chumba hiki mara mbili tangu asubuhi, na bado utaona vipande vya karatasi chini ya meza. Tusamehe. Vinatufuata kwenye nywele, kwenye viatu, hata jikoni. Juzi mwenzetu Baba Fortunat alikuta kimoja ndani ya ugali wake akakimeza bila kulalamika, akasema amewahi kula vibaya zaidi.

Tunajua hukuja kunywa Fanta tu. Umekuja na jibu juu ya chumba hiki namba nne, kama tutabaki humu au tutatoka tupishe viti vya plastiki vya kukodisha. Tumekuomba utusikilize kwanza, nawe umekubali, na kwa hilo tayari tunakushukuru. Tulipanga risala iwe fupi, lakini Mama Orpha ameongeza mistari.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, miaka mitano iliyopita Mama Orpha Bahizire, mwenyekiti wetu, ambaye kwao ni Bukavu, alikuwa mtunza karatasi wa kwaya ya kanisa. Alitaka kifaa cha kutobolea karatasi, kile cha kawaida cha ofisini chenye matundu mawili, apange nyimbo kwenye faili. Akakikuta kwenye rundo la vitu vya mitumba, muuzaji akamwapia kuwa ndicho chenyewe, naye akakinunua bila kukijaribu. Jumamosi akatoboa nyimbo zote za kwaya, akiwa hana miwani.

Jumapili kwaya iliposimama, watu wa mbele waliona kila mwimbaji ameshika karatasi yenye tundu la umbo la moyo pembeni, na ndani ya tundu kidole gumba kinachungulia. Sauti ya kwanza walianza kucheka, sauti ya pili wakafuata, na wimbo ukafa kabla ya ubeti wa pili. Mchungaji akauliza, "Mama Orpha, sasa hii ni nini?" Naye akajibu mbele ya kanisa zima, "Pasta, hata mi niko naiona sasa hivi kama weye."

Vile vimioyo vilivyodondoka, Mama Orpha hakuvitupa. Alivitia kwenye kikombe. Wiki iliyofuata msichana mmoja wa kwaya aliolewa, akaviomba, tukamrushia mlangoni mwa kanisa. Wageni waliinama kuviokota na kuvitia mifukoni, wakubwa kwa wadogo. Hapo tukajua kuwa tumepata kazi.

Leo tuko watu kumi na mmoja, wanawake tisa na wanaume wawili. Wengine ni wazaliwa wa hapa, wengine tulivuka mpaka kutoka Kongo, na wote tunagombania mkasi mmoja unaokata vizuri. Zamani tulijiita Umoja wa Mafundi wa Karatasi. Hakuna aliyetupata kwa jina hilo. Mtaa mzima ulituita "ba Ndagukunda", yaani watu wa "nakupenda" kwa Kirundi, kwa kuwa kila tulichotengeneza kilionekana kumwambia mtu kuwa anapendwa. Mwishowe tukakubali, tukaliandika mlangoni.

TUNACHOJIVUNIA

Tuna kifaa kile kile kimoja, tunachokiita kamashini, na umbo lile lile moja. Mioyo minne ikikutanishwa ncha inakuwa ua. Miwili iliyokunjwa katikati na kugandishwa mgongo inakuwa kipepeo. Mmoja uliopinduliwa ni jani, na ukiukata nusu unapata manyoya mawili ya ndege. Mmoja ukilazwa ubavu, ukiongezewa mwingine kama mkia, ni samaki, ingawa wanakikundi bado wanabishana kama ni mukeke au ni sangala. Ngoma ndiyo iliyotushinda. Tulijaribu wiki nzima, ikatoka kabichi, nasi tukaiuza kama kabichi kwa shule ya chekechea.

Tumepamba arusi hapa Kanyosha, mjini Rohero, hadi Mutanga Nord. Tumetengeneza kadi za komunyo ya kwanza, mataji ya watoto, na mapazia ya karatasi ya saluni mbili. Walimu wa chekechea wanafundishia hesabu kwa vimioyo vyetu, na mtoto mmoja amejifunza kutoa kwa kuvila. Mwenzetu aliyekuwa haongei na mtu tangu afiwe na mume, siku hizi tunamwomba anyamaze kidogo tumalize kuhesabu maua. Hilo linatufurahisha kuliko arusi zote.

Mgeni rasmi, hapa ni lazima tueleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hutatuelewa. Karatasi zetu ni zile ambazo ofisi za mjini zimekwisha kuzitumia. Kila Jumatatu tunakwenda Rohero, tunapewa mafungu, tunayabeba hadi humu na kuyamwaga mezani. Siku ya kwanza kabisa mtu wa ofisi moja alisita kutupa, akasema humo mna mambo ya watu. Mama Orpha akamwahidi kwamba hatutasoma hata neno moja. Tangu hapo ndiyo sheria ya chumba hiki. Karatasi ikiingia tunaigeuza upande mweupe, tunaipima unene kwa kidole gumba, tunaiweka kwenye fungu lake. Nyembamba ni za vipepeo, nene ni za maua. Miaka mitano hakuna siri ya mtu iliyotoka humu, na tunalisema hilo kwa kichwa kilichoinuliwa.

YANAYOTUSUMBUA

Kamashini imezeeka. Ikianza kutafuna karatasi badala ya kukata, tunaitobolesha karatasi ya msasa mara kumi, meno yanarudi, lakini si kama zamani. Karatasi nene anaibonyeza Baba Fortunat peke yake, kwa kiganja alichokipata kwenye kazi ya uashi.

Adui yetu mkubwa ni unyevu. Wengi wetu tunakaa karibu na mto, na mvua ikinyesha siku tatu, ukuta wa nyumba unatoka jasho. Ua lililolala huko usiku mmoja linaamka limejikunja. Tulishajaribu kugawana kazi kila mtu afanyie kwake, tukapoteza mapambo ya arusi mbili, na bibi arusi mmoja hadi leo akituona anavuka barabara. Chumba namba nne kina bati zima, sakafu kavu, na mlango unaofungwa. Kwa watu wengine ni chumba kidogo tu cha uani. Kwetu, bila hiki, kazi imekwisha, na kila mmoja atarudi kukaa na ukuta wake.

JUU YA BARUA

Tulikubaliana tusilipite jambo hili kimya kimya, kwa hiyo tunalisema lote mbele ya majirani.

Jumatatu moja mwezi uliopita tulirudi na mafungu kutoka Rohero, meza ikajaa, mengine tukayaweka chini karibu na mlango. Siku hiyo hiyo barua yako, Madamu, ilipitishwa chini ya mlango. Ilikuwa ya karatasi nene ya rangi ya maziwa. Ikaokotwa pamoja na nyingine, ikageuzwa upande mweupe kama sheria inavyosema, ikapimwa kwa kidole, ikasifiwa sana. Ikatoa mioyo arobaini na mmoja.

Mioyo hiyo ikawa maua, na maua yakaenda Mutanga Nord kwenye arusi ya Maxime na Mélissa. Bibi arusi ndiye aliyetuagiza. Hatukujua kuwa bwana arusi ni mdogo wako. Tulikuwa tumesimama mlango wa jikoni, tukaona feni inageuza maua juu ya meza yako, tukakuona unakodoa macho. Kisha ukasimama katikati ya hotuba ya mjomba wa bibi arusi, ukalichuma ua moja, ukalitia kwenye mkoba. Sisi tukashikana mikono kwa furaha. Mama Orpha akatunong'oneza, "Munaona? Madamu anapenda maua yetu, anayapenda mubaya sana!" Tulirudi nyumbani tukiimba.

Siku mbili baadaye ulikuja humu, ukaliweka lile ua mezani.

"Munajua hii ni nini?"

"Ni ua, Madamu," Mama Orpha akajibu. "Ile ya ku mariage ya Maxime."

"Ni barua yangu. Angalia, signature yangu iko hapa. Ile niliwaandikia juu ya chumba. Hamukuisoma?"

"Apana, Madamu. Sisi atusomaka karatasi ya batu."

Ukageukia dirishani, mabega yakitikisika. Majirani wanadai ulikuwa unacheka. Sisi hatukuona uso, hatusemi lolote. Ulipogeuka ulisema utakuja Jumamosi na jibu.

Ulipoondoka tulikwenda Mutanga Nord kuomba maua yarudi. Tukayabandua, tukairudisha mioyo kwenye karatasi yake, mmoja mmoja, siku mbili nzima. Mitatu haikupatikana, tunadhani ilifagiwa pamoja na wali. Ndiyo karatasi ya kwanza tuliyoisoma humu kwa miaka mitano. Tukajua kuwa chumba kinatakiwa kwa viti mia mbili, na kwamba mwenye la kusema aandike ndani ya siku thelathini. Siku tuliyomaliza kusoma ilikuwa ya thelathini na sita.

MAOMBI YETU

Kwanza, tunaomba risala hii ipokelewe kama jibu letu, hata kama imechelewa. Hatupingi viti. Kituo kinahitaji kuingiza kitu, na viti ni kazi nzuri. Tunaomba tu tukae navyo. Baba Fortunat amepima kwa futi yake ya uashi: viti mia mbili vikipandanishwa ishirini ishirini havichukui hata theluthi ya chumba hiki. Tutavifuta vumbi wenyewe, na anayekodi viti tutamwonyesha maua, na anayekuja kwa maua tutamwonyesha viti.

Pili, tunaomba Madamu atusaidie kupata kamashini nyingine, ya duara tu. Mioyo inafaa arusi. Familia inayomaliza matanga ikija kutuomba mapambo, tunahangaika kweli.

Tatu, barua zijazo tunaomba tupewe mkononi, na anayeleta agonge mlango kwa nguvu. Tumeshatundika sanduku nje lililoandikwa BARUA, kwa herufi za mioyo. Kuisoma kunataka subira kidogo.

NENO LA MWISHO

Mgeni rasmi, risala tuliyoiandika pamoja inaishia hapo. Lililobaki nimeomba ruhusa nilisome mwenyewe, na wenzangu wamekubali baada ya kukataa mara nyingi.

Wameandika "sisi" katika kila mstari. Ukiuliza nani alitoboa barua, kila mmoja atakujibu "ni sisi", na Mama Orpha ataapa kuwa ni yeye. Si kweli. Ni mimi, Joëlla. Mimi ndiye niliyeiokota pale mlangoni. Niliona iko peke yake, haiko kwenye fungu, na nilijua karatasi za ofisini haziji moja moja. Lakini nilipoigusa kwa kidole nikafurahi mno, nikawaambia, "Leo tumepata nzuri," nikaibonyeza mwenyewe kwa mikono miwili, bila hata kumngoja Baba Fortunat, kabla mtu hajaniuliza. Mimi ndiye katibu. Katika watu kumi na mmoja, barua ni kazi yangu.

Tangu siku ile hakuna hata mmoja aliyenisema. Wananiwekea kiti, wananipa mkasi ule mzuri, wananitania kama kawaida. Ndicho kinachoniumiza. Mama hawa walinipokea humu nikiwa sina pa kwenda mchana, na sasa wanaweza kukipoteza chumba kwa sababu yangu, na bado wanasema "sisi".

Basi ninalokuomba ni dogo, Madamu. Jibu lako sijui ni lipi. Ukitupa chumba, tutapiga vigelegele hadi Rohero wasikie. Ukitunyima, tutabeba meza yetu leo leo na kukushukuru kwa kuja. Ila kama ni kutunyima, tunyime kwa sababu ya viti. Usitunyime kwa sababu ya mkono wangu.

Mungu akulinde katika kazi yako mpya. Awape Maxime na Mélissa nyumba yenye kicheko na watoto wasiokula karatasi. Awabariki majirani wote mliosimama juani kutusikiliza.

Ni sisi, Kikundi Ndagukunda, wa chumba namba nne.