Hylke Spoelstra na Pedali ya Kushoto ya Bi Sietske

Tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka arobaini na mmoja katika karakana yetu ya baiskeli za kukodisha hapa Midsland, kisiwani Terschelling, Bwana Hylke Spoelstra anastaafu. Sherehe ni Jumamosi saa nane mchana, ukumbini. Mwenyewe amesema hataki hotuba. Kuhusu maandishi hakusema kitu, kwa hiyo naandika.

Alikuja na feri kutoka Harlingen akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kuziba pancha kwa msimu mmoja wa kiangazi. Msimu ukaisha, naye akabaki. Anadai alibaki kwa sababu ya upepo mzuri, lakini sote tunajua kwamba Aukje alikuwa anauza mikate mtaa wa pili, na kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kula mikate mingi kiasi kile. Wamekaa pamoja miaka thelathini na tisa na hadi leo Aukje humletea supu ya njegere karakanani, na humpigia kelele iwapo itapoa.

Anayeishi kisiwani anajua adui zetu ni wawili, mchanga na chumvi. Wageni hupeleka baiskeli hadi ufukweni, huzilaza penye maji, kisha huturudishia wakitabasamu. Pedali ndiyo huumia kwanza, kwa sababu hesi yake, ile mizunguko ya skrubu, ni chuma ndani ya chuma, na kutu ikishaingia hapo, vile vyuma viwili vinakuwa ndugu wasiotaka kuachana. Zamani pedali zilifungwa siku baiskeli iliponunuliwa na hazikuguswa tena. Hylke ndiye aliyeanzisha Wiki ya Pedali. Kila Novemba, wageni wakiisha, tunafungua pedali zote za baiskeli mia nane, tunasafisha hesi, tunapaka grisi na kuzirudisha. Mwaka wa kwanza tulimwona kichaa. Mwaka wa tatu tukaanza kuoka keki ya kranberi, tunda dogo jekundu la hapa kisiwani, kwa ajili ya wiki hiyo, na sasa wapo wanaochukua likizo zao mapema ili wasiikose.

Fundisho lake kwa mgeni wa kazi ni moja. Simama upande wa pedali unayoifungua, weka spana ielekee juu, sukuma mpini wake kuelekea gurudumu la nyuma. Hivyo hivyo kulia, hivyo hivyo kushoto. Ukianza kufikiria habari za kulia na kushoto utapotea, kwa sababu pedali ya kushoto hufunguka kinyume cha nati zote ulizowahi kuzijua. Ana pia tabia ya kuangalia vifundo vya vidole vya kila mfanyakazi mpya. Asiye na kovu, anasema, bado hajateleza na kupiga mnyororo, na siku yake inakuja.

Mimi siku yangu ilikuja miaka kumi na tisa iliyopita. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, nikitokea ofisi ya tiketi za feri, na kiburi changu kilikuwa kirefu kuliko mikono yangu.

Bi Sietske Bruin alituletea baiskeli yake. Mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa, na baba yake, aliyekuwa mhunzi, alimtengenezea pedali moja yenye kigogo cha mbao kilichovikwa ngozi, kimo cha upungufu wa mguu wake hasa. Baba alikuwa ameshafariki. Pedali mbili nyingine zilitengenezwa bara, na zote zilimtia maumivu ya nyonga. Sasa mkono wa pedali, kile chuma pedali inapofungwa, ulikuwa na ufa, baiskeli mpya ilikuwa tayari inamngoja, na kilichobaki ni kuhamisha ile pedali. Mume wake, Ane, alikuwa amelazwa katika nyumba ya wazee kule West, kilomita sita, na alikuwa hali chakula cha mchana ila kwa mkono wa mke wake. Kituo cha basi kilikuwa mbali kwa mguu wa Bi Sietske. Kwa baiskeli hakukuwa na mahali palipokuwa mbali.

Hylke alikuwa gatini akipokea matairi. Nikajiambia, hii nitaimaliza kabla hajarudi. Nikachukua spana malaya, ile inayobana kila nati na haishiki hata moja sawasawa, nikaigeuza kama nati ya kawaida. Haikusogea. Nikaongeza bomba refu kwenye mpini, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Ikasogea kidogo, nikashangilia. Kumbe nilikuwa naikaza. Kisha spana ikateleza, ikala pembe zote za chuma pale pedali inaposhikwa na spana, nami nikapata kovu langu.

Hylke aliporudi alitazama pedali, akatazama mkono wangu unaotoka damu, akaleta bendeji kwanza. Nililia, sioni aibu kusema. Nilimwambia nimemwua Ane kwa njaa.

"Acha mambo makubwa," alisema. "Kaa. Kunywa kahawa. Halafu niambie, hapa tunataka kuokoa nini?"

"Baiskeli," nikasema.

"Baiskeli mpya ipo. Huu mkono una ufa, ni wa kutupa. Tunaokoa pedali tu. Sasa chagua chombo."

Nilitaja moto, maana chuma kikipata joto hutanuka na kulegea. Akanionyesha ile ngozi na mbao. Nilitaja jiliwa, tubane pedali kisha tuzungushe mkono, lakini pembe nilikuwa nimeshazila, jiliwa lingeshika nini? Tulimwagia mafuta ya kulegeza kutu tukangoja siku mbili, na siku hizo mbili Hylke alimpeleka Bi Sietske West kwa gari la karakana. Bi Sietske alikaa mbele, amekunja mikono kama mtu aliyekamatwa. Siku ya pili alimwambia, "Hylke, mimi naenda kwa mume wangu kwa miguu yangu. Sipelekwi kama gunia la viazi."

Mafuta hayakusaidia. Ndipo Hylke akafunga kigogo kwa kitambaa kilicholowa, akachukua msumeno wa chuma wa mkono, akaanza kukata ule mkono wa pedali kutoka nchani kuelekea kwenye hesi. Msumeno wa umeme ulikuwa ukutani, lakini cheche zake zingechoma ngozi. Alikata kuanzia saa saba hadi karibu saa kumi na moja. Kila dakika chache alisimama, akapuliza vumbi, akapapasa kwa ukucha kujua amebakiza kiasi gani. Alipobakiza unene wa karatasi aliweka patasi kwenye mkato, akanipa nyundo.

"Piga wewe."

Nilipiga mara moja. Jicho la chuma likafunguka, na pedali ikatoka kwa vidole, hesi yake nzima.

Bi Sietske alipokuja kuchukua baiskeli aliuliza ilikuwaje kazi ya nusu saa ikachukua siku tatu. Nilifungua mdomo. Hylke akawahi: "Niligeuza upande mbaya, Bi Sietske. Uzee huu." Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Bi Sietske alicheka hadi akashika meza. Tangu siku ile, dukani, kanisani, kwenye keki ya kranberi, haachi kumuuliza kama ameshajua kushoto kwake. Kisiwa kizima kimejifunza utani huo. Watoto wa shule humpigia kelele wakipita, "Fundi, upande gani?" Naye hunyanyua kofia na kuonyesha upande mbaya makusudi. Miaka kumi na tisa, na hakuna siku hata moja Hylke aliyonitazama mimi ili kunitaja.

Ane alilishwa na mke wake miaka minne zaidi, akafariki Machi moja yenye theluji. Bi Sietske alikwenda kwake asubuhi ile kwa baiskeli.

Hylke, kwa niaba ya wote wa karakana, asante kwa baiskeli, kwa supu uliyotugawia Aukje asipoona, na kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kushika chombo. Upumzike vizuri, na upepo wa West usikupige usoni kila siku.

Na wewe Bi Sietske, najua utakuwa wa kwanza kusoma hii. Aliyeikaza pedali ya baba yako ni mimi, Gerbrich. Jumamosi mwache mzee ale keki yake kwa amani. Nitakuwa nimesimama mlangoni, uje unicheke mimi.