Sauti Aliyokuwa Akiikata Mwanzoni

KITINDA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

FUNDI: Ni mimi.

KITINDA: Mimi wako wengi. Namba hii haina jina kwangu.

FUNDI: Umenifuta, Kitinda?

KITINDA: Dada.

FUNDI: Basi hata shikamoo hakuna.

KITINDA: Shikamoo dada.

FUNDI: Marahaba. Hujambo?

KITINDA: Sijambo. Niko studio, kuna kaka amekaa kwenye kiti anangoja picha ya pasipoti, na ameshaanza kununa. Kuna msiba?

FUNDI: Hakuna msiba. Wote wazima.

KITINDA: Maana mwaka na miezi miwili hujawahi—

FUNDI: Akaunti imefungwa.

KITINDA: Akaunti gani?

FUNDI: Yangu. Mikono ya Fundi. Asubuhi nimefungua duka, nikashika simu niwajibu walioniuliza habari za lile somo la kola, nakuta ukurasa mweupe. Masomo mia nne na kumi na mawili, Kitinda. Miaka mitano. Hakuna hata moja.

KITINDA: Wamesema kwa nini?

FUNDI: Eti mimi mwizi.

KITINDA: Wewe?

FUNDI: Mimi. Wameandika kwamba kuna mtu amelalamika, masomo ni yake, nimeyachukua bila ruhusa. Nikaenda kumtafuta huyo mtu. Anajiita Mwalimu Mkasi. Nakuta vitambaa vyangu, meza yangu, mikono yangu hii hii na kovu la sindano kwenye kidole gumba. Halafu chini watu wanamshukuru yeye. Mama mmoja kaandika, Mungu akubariki kaka. Kaka. Kwa mikono hii.

KITINDA: Pole dada. Umewaandikia wenye mtandao?

FUNDI: Mara tisa. Anayejibu si mtu, ni mashine. Mimi naiambia nimeibiwa, yenyewe inaniambia asante kwa kuwa nasi. Nimechoka mpaka nimelia, na mteja yuko mbele yangu ananiuliza sketi yake iko wapi. Mwisho ndiyo wakasema nitume uthibitisho, hasa video za mwanzo kabisa, zilivyotoka kwenye simu kabla hazijaguswa. Kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo. Ikipita hapo wanafuta moja kwa moja.

KITINDA: Sasa si utume?

FUNDI: Nitume zipi?

KITINDA: Dada. Usiniambie ulizifuta.

FUNDI: Simu ilikuwa inajaa. Nikipandisha somo, nikiona limetokea kule, nafuta huku. Nilijua ziko kule, salama. Niliona kule ndiyo stoo yangu.

KITINDA: Stoo ya mtu, na ufunguo anao mwenyewe.

FUNDI: Usinianze.

KITINDA: Sikuanzi. Nilikuambia tununue flashi tuhifadhi, ukasema napenda vidude. Nikakuambia uandike jina juu ya video, ukasema litaziba mshono.

FUNDI: Lingeziba.

KITINDA: Nikakuambia onyesha uso, hata mara moja. Ukasema anayejifunza kushona anahitaji kuona mikono, sura ya nini.

FUNDI: Umemaliza?

KITINDA: Bado. Namba za wanafunzi unazo?

FUNDI: Sina. Sote tulikuwa tunaongelea mle mle. Kuna mama mmoja anashona gauni la harusi la binti yake, harusi yenyewe Jumamosi. Kila hatua ananitumia picha, namrekebisha. Nimemwacha kwenye zipu, Kitinda. Kashika zipu mkononi ananisubiri, na mimi sijui hata anaishi wapi.

KITINDA: Loo. (pembeni) Kaka, nivumilie dakika mbili tu. Hapana, usiinuke, kaa hivyo hivyo, umekaa vizuri. Haya dada. Kwangu unataka nini?

FUNDI: Ile simu yako ya zamani.

KITINDA: Ipi?

FUNDI: Ya kioo kilichopasuka. Si ndiyo uliyonirekodia miaka yote minne ukiwa hapa? Mimi ulikuwa unanirushia, nafuta. Wewe hukuwa unafuta, nakujua, wewe hata karatasi za peremende hutupi.

KITINDA: (mtandao unakwaruza)

FUNDI: Kitinda? Unakatika.

KITINDA: Sikatiki. Nipo.

FUNDI: Iko wapi?

KITINDA: Sinayo. Siku ile nilipotoka kwako nilipita kwa fundi simu wa pale kona, nikabadilishana naye.

FUNDI: Na video zangu ndani?

KITINDA: Zetu—

FUNDI: Bila kufuta?

KITINDA: Kioo kilikuwa kimekufa kabisa, ningebonyeza wapi? Nikajua ataitoa spea, basi. Kumbe kaiwekea kioo kipya akamuuzia mtu.

FUNDI: Kitinda, Kitinda.

KITINDA: Wewe umefuta zisizofutwa, mimi nikaacha za kufutwa. Hakuna atakayebisha kwamba tumenyonya ziwa moja.

FUNDI: Usinichekeshe, sina hali hiyo. Kwa hiyo ndiyo maana.

KITINDA: Ndiyo maana nini?

FUNDI: Ndiyo maana kwake unasikika.

KITINDA: Nani anasikika?

FUNDI: Wewe. Zangu zilikuwa zinaanza mkasi ukiwa tayari kwenye kitambaa. Zake zinaanza mapema kidogo. Kuna sauti ya msichana inahesabu. Moja, mbili, tatu, dada anza. Kila somo. Yeye hata kukata hajui, kaziweka zilivyo.

KITINDA: (pembeni) Kaka, dakika moja.

FUNDI: Upo?

KITINDA: Nipo. Kwako hukuwahi kuiacha hata moja.

FUNDI: Nilikuwa naikata kabla ya kupandisha.

KITINDA: Najua ulikuwa unaikata. Kila somo likitoka nilikuwa nafungua mwanzo kuangalia. Miaka minne nangoja usahau, hata mara moja. Hukusahau.

FUNDI: Watu walikuwa wanakuja kujifunza kushona, siyo—

KITINDA: Malizia. Siyo kumsikia mshika simu. Siku niliyoondoka ulilisema mbele ya wateja, dada, na yule mwenye suti ya bluu akacheka. Leo hakuna wateja, lirudie.

FUNDI: (mkasi unasikika ukiwekwa mezani)

KITINDA: Haloo?

FUNDI: Sikiliza kwanza. Nimewaza hivi. Kwenye video zake zote, kwenye kona ya meza linaonekana lile doa la pasi uliloliunguza—

KITINDA: Uliloliunguza wewe.

FUNDI: Doa lipo, tusigombanie doa. Meza ninayo. Mikono ninayo. Turekodi leo somo lilelile la kwanza kwenye meza ileile, doa lionekane, mikono ionekane, halafu mtu ahesabu. Huyo Mwalimu Mkasi atatoa wapi doa? Atatoa wapi ile sauti? Tuwatumie, tuwaambie walinganishe.

KITINDA: Na uso.

FUNDI: Na uso.

KITINDA: Umekubali uso?

FUNDI: Nimekubali. Nimeshachana nywele.

KITINDA: Makubwa haya. Na jina?

FUNDI: Na jina. Hata likiziba mshono wenyewe.

KITINDA: Sasa ni saa nane. Kutoka hapa hadi kwako ni saa nzima na zaidi, barabara ikiwa nzuri. Si umtafute jirani tu akuhesabie? Moja, mbili, tatu, nani asiyejua?

FUNDI: Haitakuwa ile sauti.

KITINDA: Kwa hiyo ni kwa ajili ya ushahidi.

FUNDI: Ni kwa ajili ya ushahidi.

KITINDA: Sawa. Halafu nikija, hii ya leo ukishawatumia, masomo yakirudi, mapya utanikata tena?

FUNDI: Salio langu linaisha, wameshanipigia mlio mara moja—

KITINDA: Jibu kwanza.

FUNDI: (mtandao unakwaruza) Tangu asubuhi niko kwenye ukurasa wa yule mwizi. Nafungua somo, nasikiliza pale mwanzo, nafunga. Nafungua jingine. Mpaka bando limekatika, ndiyo maana nakupigia kwa salio.

KITINDA: Ushahidi si ungetosha mmoja?

FUNDI: Ungetosha.

KITINDA: Sasa?

FUNDI: Kuna moja umefika mbili ukapiga chafya, ukaanza kuhesabu upya. Mimi nikakufokea. Na hiyo inasikika.

KITINDA: La mifuko hilo.

FUNDI: La mifuko. Hilo nimelirudia sana. Kitinda, mimi nilikuwa naona nasafisha kazi. Kumbe nilikuwa natupa kitu pekee ambacho leo kingesema hii ni yangu. Na si kwa wenye mtandao tu. Hata mimi mwenyewe, nikitaka kukusikia, lazima nikaombe kwa mwizi—

KITINDA: Dada.

FUNDI: Sijamaliza. Nilitaka nikuambie kwamba ile siku, ya yule mwenye suti ya bluu— Huo mlio umeusikia? Ndilo hilo salio. Njoo na ile sau—

KITINDA: Nije na nini? Dada? Haloo? Haloo? (pembeni) Kaka, samahani sana. Picha yako utaifuata kesho, leo nafunga. Nakwenda kumhesabia dada yangu.