Fundi Benjamini Shemhilu na Kiti cha Kushoto

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Mtae tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Danieli Shemhilu na mama Yusta. Kaka yake, Nikodemo, yupo hapa. Yanayofuata ayasikilize vizuri.

Shule alisoma hukohuko Mtae, 1959 hadi 1965. Njia ilipita ukingoni mwa korongo, na siku zote Nikodemo alitembea upande wa korongo, akamweka mdogo wake upande wa mlimani. Hilo Benjamini alilisimulia mpaka uzeeni.

Baada ya shule alijifunza kushona kwa fundi mmoja wa Mazinde, kisha akaweka cherehani yake Lushoto mjini. Watu walipanda kutoka Mnazi kufuata makoti yake ya arusi. Mkono mmoja wa koti ukizidi mwenzake hata kwa unene wa uzi, alifumua. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Dorkasi, na siku hiyo bwana arusi alichelewa kanisani: alikuwa anafumua koti lake mwenyewe. Walijaliwa watoto watatu.

Februari 2022 alipata kiharusi. Hapo ndipo yalipoanza maneno ya watu, na Dorkasi amechoka nayo. Daktari alionyesha picha ya kichwa akaeleza: ubongo una pande mbili, na upande wa kulia ndio unaoongoza mkono na mguu wa kushoto. Mshipa uliziba huko kulia, damu isipite, mkono wa kushoto ukalala. Lakini upande huohuo una kazi nyingine, ya kumkumbusha mtu kwamba kushoto nako kuna dunia. Macho na masikio yake yalikuwa mazima. Ubongo ndio haukupokea tena habari za huko. Basi alikula nusu ya ugali, ile ya kulia, akalalamika kuwa ananyimwa chakula. Dorkasi akizungusha sahani, anashukuru kama kaongezewa. Alinyoa shavu moja. Yeye, fundi wa mikono kulingana, alivaa koti mkono mmoja, wa pili unaning'inia, akasema, "Tayari, twende."

Wageni waliambiwa wakae kulia kwake. Nani alisikia? Kiti cha kushoto kilikuwa karibu na mlango, basi mtu akiingia, puu, hapohapo. Kisha wanatoka wakisema fundi siku hizi anaringa.

Nikodemo alikuja kutoka Mtae akakalia kiti hichohicho. Chai ikapoa. Mdogo mtu kimya, shikamoo hakuna.

"Huyu kapata kiharusi cha mkono," Nikodemo akasema, "au cha adabu?"

"Shemeji, hamia huku. Huko ulipo hakuoni."

"Nihame mimi, mkubwa? Ageuke yeye!"

Ndipo Benjamini akamwuliza mkewe, "Mama Anord, hivi kaka mbona haji kunitazama?"

"Si huyu hapa! Geuza shingo!"

Akageuza. Kulia. Akamtafuta mpaka dirishani.

Nikodemo akachukua fimbo yake. "Kumbe nimekuja kuchezewa." Hakurudi tena. Alitumiwa watu, akaelezwa habari za ubongo, akajibu kwamba ubongo haumfundishi mtu dharau. Na nyumbani, kila hodi ilipopigwa, Benjamini aliuliza, "Ni kaka?"

Kiharusi cha pili kilimchukua tarehe 9 Juni 2025, kitandani kwake, Dorkasi akiwa amekaa kulia.

Ameacha mjane, Dorkasi; watoto watatu, Anord, Loveness na Kristofa; wajukuu saba; na kaka mmoja.

Kuhusu kuaga: jeneza limesogezwa ukutani kwa ubavu wa kushoto. Wote watapita kulia, maana Dorkasi hataki kusikia tena kwamba kuna mtu kanuniwa. Kaka Nikodemo atangulie. Alikuwa akingojwa.

Fundi apumzike sasa, kulia na kushoto.